Likizo Niliyoigawa Ubaoni

Kishindo kilitoka jikoni, bati juu ya sakafu ya saruji, kikafuatwa na mlio wa mfuniko uliozunguka na kuzunguka bila kutaka kutulia. Niliruka kutoka kitandani mguu mmoja ukiwa bado umejiviringa kwenye shuka.

"Sijaanguka mimi," Mama alisema kabla sijafika mlangoni. "Imeanguka sufuria."

Alikuwa amesimama katikati ya maji yaliyomwagika, mkono mmoja ukipapasa hewa akitafuta ukingo wa meza. Meza ilikuwa mahali pale pale ilipokuwa tangu nizaliwe. Macho yake ndiyo yaliyohama. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia pande zote mbili, na kwa miezi tisa tulikuwa tukisubiri zamu ya upasuaji.

Nilikuwa bado napiga deki simu yake ilipolia. Nikaipokea mimi. Muuguzi wa hospitali alisema haraka haraka, kama mtu mwenye orodha ndefu: kuna mgonjwa ameahirisha, nafasi yake imeangukia kwa mama yangu, Jumatatu saa moja kamili asubuhi.

"Ila lazima awe na mtu," aliongeza. "Wiki nne. Matone kila baada ya saa sita. Asiiname, asipike, asiinue ndoo. Kama hana mtu wa kukaa naye, tuambie sasa tumpe mwingine, yeye arudi nyuma ya foleni."

"Anaye. Mimi."

"Hufanyi kazi wewe?"

"Nina likizo. Siku ishirini na nane."

Mama alicheka akiwa ameegemea ukuta. "Hatimaye! Miaka miwili unazihifadhi hizo siku kama suti ya harusi."

"Basi harusi imefika, Mama."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Lakini kuna jambo Mama hakulijua. Jumatatu ya wiki ile nilikuwa nimewasilisha barua ya kuacha kazi.

Kiwandani kwetu tunachapa vitabu vya shule, na mimi naendesha mashine namba mbili. Jumamosi iliyotangulia, rangi ya bluu ilisogea kidogo kwenye kurasa za hesabu. Meneja akasimama mbele ya watu wote akasema mashine ile hata nyani aliyefundishwa wiki moja angeiendesha. Nilikwenda nyumbani nikaandika barua, na kwa kuwa nilikuwa na hasira na kalamu, barua ikatoka beti tatu. Sikufundishwa na mtu kutunga. Nilijifunza mwenyewe kwa kuhesabu silabi kwenye vidole nikisubiri wino ukauke, na nilitaka yule bwana ajue nyani gani anamuaga. Kazi nyingine nilikuwa nimeshaipata, ya kuanza wiki mbili baada ya notisi yangu ya siku thelathini kuisha. Nakala moja nilimpelekea afisa utumishi. Nyingine niliibandika ubaoni, karibu na saa ya kuingilia kazini.

Kufika Ijumaa ile ya simu ya hospitali, kila mtu alikuwa ameshaikariri. Nilipoingia getini mbio mbio, mkata karatasi tunayemwita Mkasi alinipokea kwa ubeti wa mwisho, mkono kifuani kama anaapishwa:

*Naaga humu kazini, sitarudi nawambia,*
*Sikuja hapa kwa deni, siondoki nikilia,*
*Likizo yangu kuleni, nyote nimewaachia,*
*Kichwa changu ki angani, kwenu sitainamia.*

"Malenga!" akapiga makofi. "Akina mama wa kujalidi vitabu wanataka uwaandikie na wao. Kila mmoja ana mtu wa kumuaga."

Sikucheka. Niliusikia mstari wa tatu kama mtu anayesikia jina lake likitajwa polisi.

"Nipishe, ndugu yangu. Naenda utumishi."

"Asubuhi hii? Kuna nini?"

"Kuna mstari."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Ofisi ya utumishi ni chumba chembamba chenye makabati ya chuma, na afisa wetu ni dada mtu mzima anayevaa miwani miwili kwa zamu, ya kusomea na ya kukutazamia. Aliponiona alivaa ya kukutazamia.

"Dada, shikamoo. Nimekuja kuchukua likizo yangu. Siku ishirini na nane, kuanzia kesho. Zinafunika notisi yote iliyobaki."

"Marahaba. Likizo ipi?"

"Yangu."

Akabadilisha miwani, akafungua faili, akaipindua barua yangu upande wangu. Chini ya mstari wa tatu palikuwa na mstari mwingine, wa rula na wino mwekundu. Pembeni aliandika: *Amesamehe likizo yote.*

"Dada, lile ni shairi."

"Mimi sina faili la mashairi, mdogo wangu. Nina faili la barua. Umeandika wale likizo yako, ukatia sahihi na tarehe. Nimempelekea meneja, msimamizi amekupanga zamu mpaka siku yako ya mwisho. Vitabu vya muhula mpya vyote viko kwenye mashine yako."

"Nilihitaji kina cha *ni*! Kazini, deni, angani. Ningeweka nini pale?"

"Ungeweka nukta."

Nilianza kutembea. Chumba kile kina hatua nne kwenda na nne kurudi, nikazitumia zote. Nikamweleza kuhusu Mama, Jumatatu, matone, foleni ya miezi tisa. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza alivua miwani, asivae nyingine.

"Ungeanza na hilo," alisema. "Andika barua ya kutengua. Meneja akisaini, nakupangia upya. Lakini anasafiri leo saa sita, harudi mpaka Alhamisi. Sasa ni saa tatu na nusu."

Alinisukumia karatasi. Niliandika nimesimama: *Kwa kuwa uongozi umeshindwa kuelewa lugha ya sanaa...*

Akaisoma toka juu hadi chini, akaipasua katikati. "Umeanza tena."

Ya pili ilikuwa na neno *dhuluma*. Akaipasua nayo. Ya tatu niliipasua mwenyewe. Nilikuwa nasikia mashine chini zikiunguruma, na kila mzunguko wa silinda ulikuwa sekunde inayonipita. Mwishowe nikakaa. Niliandika mistari mitatu isiyo na kina wala mizani: *Nilikosea kuacha likizo yangu. Naomba siku zangu ishirini na nane kuanzia kesho. Mama yangu anapasuliwa jicho Jumatatu na hana mtu mwingine.*

"Hii ndiyo barua," dada alisema.

Meneja alikuwa kwenye korido na begi lake la safari, funguo za gari mkononi. Aliisoma hapo hapo. Nilisimama mbele yake na ngumi zangu nimezificha nyuma ya mgongo, kwa sababu sikuziamini.

"Ile nyingine iko wapi?" aliuliza.

"Faili lake analo dada wa utumishi."

"Sizungumzii faili. Ya ubaoni." Akanirudishia karatasi bila kuisaini. "Tukichapa kitabu kikatoka na kosa, tunafanyaje?"

Nilijua. Mtu yeyote pale kiwandani anajua. Kitabu chenye kosa hatukichomi na ukurasa hatuung'oi. Tunachapa kijikaratasi cha sahihisho, tunakibandika ndani, na kila msomaji anaona kosa na anaona tulivyolikiri.

"Tunabandika sahihisho," nilisema.

"Ulinisema ubaoni, jisahihishe ubaoni. Bandika hii juu ya ile. Nitaisaini nikipita pale kutoka. Saa sita kamili, sisubiri."

Akaenda zake. Nilibaki koridoni. Maneno yalinijia, na mazuri kweli, yenye mizani timilifu, ya kumfuata nayo mpaka kwenye gari lake. Naapa yangemuuma mwaka mzima. Na ningerudi nyumbani kumwambia Mama nini? Kwamba ataendelea kupapasa meza miezi tisa mingine, lakini asikie ubeti huu?

Nilishuka ngazi.

Ilikuwa saa ya chai. Watu walikuwa wamejipanga ukutani chini ya ubao, vikombe mikononi. Hakuna aliyenisogelea nilipochukua pini nne kwenye kopo. Nilibandika karatasi yangu juu ya shairi, ikalifunika lote isipokuwa neno moja la pembeni. Pini ya mwisho ilinichoma kidole.

Mkasi alisoma kwa sauti kama kawaida yake, kisha sauti ikamwishia njiani. Aligeuka.

"Malenga. Kwa hiyo kichwa kimeshuka?"

"Kimeshuka."

"Sisi tulikuwa tunalitegemea shairi lile, bwana. Mimi nimewasomea mpaka shemeji zangu."

"Mkasi, ukisema neno jingine moja nitakuingiza kwenye mashine yako mwenyewe."

Alinitazama, akaitazama karatasi tena, akarudia kimya mstari wa mwisho, ule wa mama yangu. Akaondoka na kikombe chake. Nadhani alikuwa amekasirika. Mimi pia nilikuwa nimekasirika, na yeye, na meneja, na zaidi na yule kijana, mimi mwenyewe, aliyeona vina vinafaa kuliko siku zake.

Saa sita kasoro dakika mbili meneja alipita. Alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji mistari mitatu. Akachomoa kalamu, akasaini pale pale ukutani.

"Mashine namba mbili uiache safi," alisema, na akatoka.

Hakuomba radhi kwa lile la nyani, nami sikumshukuru. Dada wa utumishi alishuka mwenyewe, akaibandua karatasi, akabandika nakala mahali pake, akaondoka na ile yenye sahihi ameikumbatia kifuani kama mtoto.

Nilianza kusafisha roli za wino. Kazi hiyo huchukua saa nne kwa mtu mmoja. Baada ya dakika kumi hivi nikaona tambara la pili likisugua upande wa pili wa mashine. Mkasi hakunitazama.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Nataka tu uondoke mapema, unatuharibia hewa."

Tulimaliza saa nane.

Nilimkuta Mama amekaa kibarazani, begi dogo la nguo miguuni. Upasuaji ulikuwa Jumatatu na yeye alikuwa ameshafungasha Ijumaa. Alinitambua kwa hatua.

"Unakimbia. Wamekunyima?"

"Wamenipa. Zote."

Nikakaa kando yake, nikamweleza kila kitu, barua, ubeti, wino mwekundu, ubao. Sikupunguza. Vidole vyake vilicheza na zipu ya begi, inafunguka, inafungwa.

"Ulikuwa unaacha kazi bila kuniambia."

"Ndiyo, Mama."

"Na likizo ya kuniuguza ukaigawa kwa wapiga chapa."

"Ndiyo."

Zipu ikafunguka, ikafungwa. "Mimi naogopa kile kisu, baba. Sikutaka kukwambia. Lakini zaidi nakuogopa wewe. Muuguzi atakuweka kwenye benchi kwa saa tatu nzima, mtu atakuruka foleni, daktari atakujibu vibaya. Utainuka na hasira zako, tutafukuzwa mimi nikiwa na bandeji jichoni. Mtu wa hivyo atanikalia wiki nne?"

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na hoja nne, na zote zilinifika mdomoni kwa pamoja. Nikazimeza. Nikauchukua mkono wake kwenye zipu, nikaushika.

"Mama, nakuahidi. Matone nitakutilia mimi mwenyewe, kila baada ya saa sita, siku zote ishirini na nane. Na pale hospitali mtu yeyote akinitukana, hata akiniita nani, nitamwambia ahsante na nitakaa nilipo, mpaka utakaponiambia wewe kwamba unaniona."