Droo ya Seneta Stidham

Jumanne ya pili ya Februari, saa tatu asubuhi, Odessa Tackett aliingia katika jengo la Bunge la jimbo akiwa na chupa ya achari iliyojaa maji ya bomba la jikoni kwake, mekundu kama chai ya rangi. Askari wa mlangoni hakumuuliza kitu. Mwaka huu ulikuwa wa kumi na tisa wa kuja kwake na chupa.

Mwaka wa kwanza alikuja pamoja na Royce Stidham mwenyewe, fundi magari na mwimbaji wa kanisani kwao Harlow Fork, aliyeingia Seneti kwa ahadi moja tu: machimbo ya makaa ya mawe yaache kuwaharibia maji. Odessa alimpigia kampeni nyumba kwa nyumba, na Wilma, mdogo wake, akapika maharage na mkate wa mahindi kwa kila mkutano. Kwa desturi ya Seneti, seneta mpya huandika jina lake ndani ya droo ya meza yake. Royce aliandika lake, akaweka muswada wa maji humo, akafunga. Alisema atautoa wiki ijayo.

Mwaka wa tatu alipewa uenyekiti wa kamati, na droo ikaanza kudondosha maji. Bawabu, mzee Amburgey, aliweka ndoo. Mwaka wa nane Royce akawa naibu kiongozi, ndoo zikawa mbili. Kila alipopanda cheo, meza yake ilisogezwa mstari mmoja mbele, na ndoo zikafuata. Mwaka wa kumi na nne akawa Kiongozi wa Seneti, mtu wa kuamua muswada upi usomwe na upi uozee alipo. Maji yalifika vifundoni. Wakili wa kampuni ya makaa aliwaletea maseneta wote mabuti ya mpira, kila mmoja saizi yake, nao wakashukuru.

Harlow Fork waliendelea kumchagua. Waliambiana kwamba seneta mgeni angeanzia mstari wa nyuma, ilhali wao wana mtu wao mbele kabisa. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na Royce alikuwa mzaliwa nao. Odessa naye alimpa kura kila mara, huku figo za Wilma zikimalizika. Hasira aliyokuwa nayo juu ya Royce ilikuwa kubwa; aliyokuwa nayo juu yake mwenyewe ilizidi.

Alivua viatu, akapita majini hadi kwenye meza ya mbele.

"Dada Odessa," Royce alisema. "Wilma hajambo?"

"Tulimzika Novemba. Ulituma maua."

"Kweli, kweli. Pole sana."

"Fungua droo, Royce."

"Wakati wake haujafika. Mambo ya hapa unayajua, dada. Hayataki pupa."

"Miaka kumi na tisa. Hata ulevi wako hukuuacha polepole hivyo."

Odessa aliifungua mwenyewe. Maji yalimwagika hadi magotini, lakini muswada ulikuwa mkavu, umenyooka kama shati lililopigwa pasi. Aliuweka mezani. Royce aliusoma jina, akaurudisha ndani kwa upole, akasimama na kushika kipaza sauti.

Alisema kwa uchungu kwamba hakuna raia anayepaswa kufanya kazi katika maji machafu. Akaomba kwa dharura bomba la shaba la kuyatoa maji ya droo na kuyapeleka mtoni. Hoja ilipita kwa dakika nne, bila hata mmoja kupinga. Mzee Amburgey aliandika saa kwenye daftari lake, akabana ndoo zake kwapani. Ijumaa bomba lilikuwa tayari na zulia limekauka. Mto ule ndio unaoteremka hadi Harlow Fork.

Jumapili, baada ya ibada, habari ilikuwa imeshafika. Watu walikula kuku na kupongezana.

"Mmeona uwezo wake?" mchungaji alisema. "Bomba zima, dakika nne. Tumwongezee muhula mmoja tu, la kwetu litafuata."

Wote waliitikia amina. Odessa aliiacha sahani yake, akaenda jiko la kanisa, akafungua bomba na kuijaza ile chupa. Kisha akabandika karatasi kwenye kifuniko, akaandika: ishirini.