Nyuzi Thelathini na Nane na Nusu

Wauguzi wa wodi ya wajawazito walimpachika mkubwa wao jina la Kipimo, naye alilipenda. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuandika namba ambayo hakuiona kwa macho yake. Wapo wanaomchungulia mgonjwa kutoka mlangoni, wakaandika thelathini na saba, wakaenda zao kunywa chai. Kipimo angekunyang'anya kikombe mkononi. Alisimama kando ya kitanda mpaka kipimajoto kilie, akasoma, akasoma tena, ndipo akaandika.

Jedwali lilikuwa kazi ya mikono yake. Sheria ilisema mimba isitolewe ila maisha ya mama yakiwa katika "hatari ya kifo iliyo dhahiri". Dhahiri kwa nani, haikusema. Na tuambiane ukweli, sheria ile iliandikwa na watu ambao hawajawahi kubeba tumboni kitu kizito kuliko chakula cha mchana. Mkunga mmoja wa hospitali ya jirani aliiona hatari, akaokoa mtu, mahakama ikasema haikuwa dhahiri vya kutosha, akala miaka tisa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kipimo alijifungia nyumbani siku mbili, akatoka na jedwali hilo kwenye karatasi moja: homa ya nyuzi thelathini na nane na nusu au zaidi, mara mbili mfululizo, kwa kupishana muda wa saa nne. Ikifika hapo, daktari atasaini, mwanasheria wa hospitali atasaini, mgonjwa ataingizwa chumba cha upasuaji.

Mwanasheria aliisoma karatasi ile akaitia fremu ya kioo, ikatundikwa juu ya meza ya wauguzi. Tangu siku hiyo hakuna muuguzi aliyeitwa polisi. Wanawake wawili walitolewa vizazi kwa sababu namba ilichelewa kufika, lakini walitoka wakiwa hai, na Kipimo alijiambia kwamba hesabu imekubali.

Basi Jumanne asubuhi akaingia Msusi, kwa miguu yake mwenyewe, amejifunga taulo la saluni kiunoni. Mimba ilikuwa ya wiki kumi na saba. Chupa ilikuwa imepasuka akiwa kazini.

"Nimemwacha mteja na nusu kichwa," alimwambia Kipimo huku akipanda kitandani. "Upande mmoja bibi harusi, upande mmoja chizi. Mnitengeneze haraka nikammalizie."

Kipimo alitabasamu, jambo ambalo wodini lilitokea mara chache. Msusi alimwangalia kichwani, akamwambia kofia ya uuguzi inamla nywele za mbele na kwamba akitoka atamsuka bure. Nyuma yake alifuata mama yake mzazi, muuza mkaa, mwanamke mfupi mwenye kucha zilizokataa kutakata. Alivuta kigoda akakaa karibu na kichwa cha mwanawe, akakaa kweli, kama mtu aliyehamia.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwembamba, miwani haikutulia puani. Alipitisha mashine tumboni. Maji yalikuwa yamekwisha kabisa. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga.

"Huyu mtoto hataishi," alisema. "Mapafu hayawezi kukua bila maji. Pole sana."

 Msusi alilia, kilio kifupi, akajifuta kwa taulo la saluni. "Nilimtaka huyu. Nimeshamnunulia na kofia. Haya, kama hataishi, nitoeni. Nyumbani nina mwingine wa miaka minne, hajui hata kufunga kamba za viatu."

"Moyo bado unapiga," daktari alisema.

"Na wangu je?"

Daktari alipandisha miwani. "Inabidi tusubiri."

"Tusubiri nini?"

Hapo daktari alimtazama Kipimo, na Kipimo akatazama dirisha. Kwa maana sheria ilikuwa na mkia: mtu akimweleza mjamzito au ndugu zake njia ya kufikia kutolewa mimba, huo ni ushawishi, na ushawishi una miaka mitano. Mwanasheria alikuwa amewakalisha wote ukumbini akawaeleza taratibu, kama anafundisha watoto kuvuka barabara. Msiwaambie wanasubiri nini. Waambieni mnafuatilia hali.

"Tunafuatilia hali," Kipimo alisema.

"Mwili ni wangu," Msusi alisema, "hali ni yangu, na ninaambiwa nisubiri kitu ambacho hata jina hakina. Nikimweleza mteja hivyo, si atanipiga na kioo?"

Siku ile ya kwanza, hadi jioni, homa haikuwepo. Jumatano asubuhi Msusi aliacha utani. Alijikunyata, meno yakigongana, shuka limelowa jasho, na maji yaliyomtoka yalikuwa na harufu ambayo Kipimo aliijua kabla hajafika kitandani. Mapigo ya moyo yalikuwa mia moja na ishirini na nne. Kipimo alichomeka kipimajoto kwapani, akasubiri kilie. Thelathini na saba na nukta tisa.

Alipima tena. Ikawa ile ile.

"Huyu anaoza mbele ya macho yetu," daktari alimwambia kando ya meza, sauti ya chini. "Mapigo hayo, harufu hiyo. Anahitaji kusafishwa sasa hivi."

"Jedwali linasema homa."

"Jedwali umeliandika wewe, Sista! Ongeza na mapigo."

"Nikiongeza leo, kwa mgonjwa huyu, mwanasheria atauliza kwa nini leo."

"Basi andika thelathini na nane na sita. Nani atakuja kukihoji kipimajoto?"

Kipimo alihisi damu ikimpanda usoni. Si kwamba hakumwonea huruma Msusi.  Lakini lilikuwapo jambo moja maishani mwake ambalo halikuwa na doa, na kijana wa juzi alikuwa anamwambia alitie doa kana kwamba anamwomba chumvi. "Sijawahi kuandika namba ambayo sikuiona," alisema, "na sitaanza nawe."

Saa nne aliporudi, alimkuta muuza mkaa amempakata mwanawe kichwa, anamnywesha maji. Kitu cheupe kikaanguka kutoka mdomoni mwa Msusi hadi kwenye shuka. Kidonge. Kipimo alikiokota, akanyoosha mkono, na mama akatoa mkobani pakiti ya vidonge vya homa, nusu yake imeshatumika.

"Unampa tangu lini?"

"Tangu jana usiku alipoanza kuchemka," mama alisema, na uso wake ulikuwa na fahari ya mtu aliyefanya kazi nzuri. "Viwili viwili. Ninyi naona mnapima tu, mnapima tu, dawa hamtoi. Nikasema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Si unaona imeshuka?"

Roho ilimruka Kipimo. Homa ilikuwepo tangu usiku. Namba aliyoiona kwa macho yake, akaipima mara mbili, ilikuwa imechongwa na mama huyu kwa upendo wake. Angeweza kumwambia pale pale kwa sentensi moja: mama, iache ipande, ikipanda ndipo tutaruhusiwa kumwokoa.  Lakini vitanda vilikuwa kumi na vinne wodini, na masikio ishirini na nane, na kila sikio shahidi.

"Usimpe tena," alisema.

"Kwa nini? Si tunataka homa ishuke?"

"Usimpe tena, mama. Ni amri ya wodi."

Akachukua pakiti akaondoka nayo. Muuza mkaa alimsindikiza kwa macho. Katika maisha yake alishaamrishwa na watu wengi wenye sare, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamrisha kwa faida yake.

Saa nane mchana kipimajoto kilisoma thelathini na nane na nukta tisa. Kipimo aliandika kwa mkono imara na yeye mwenyewe akampigia simu mwanasheria. Akamwambia daktari atayarishe chumba. Ilibaki namba moja tu, ya saa kumi na mbili jioni. Msusi alikuwa anaweweseka, akimwambia mtu asiyeonekana atulize kichwa asije akaungua sikio. Fahamu zilipomrudia alimshika Kipimo mkono.

"Sista. Niambie ukweli. Mnasubiri nife?"

"Hapana."

"Basi mnasubiri nini?"

"Jioni," Kipimo alisema. "Vumilia mpaka jioni tu."

Sasa mama naye alikuwa na yake. Aliona mtoto wake anachemka kama sufuria, na wenye sare wanapita wakiandika. Walichukua pakiti, lakini mtu aliyeuza mkaa miaka thelathini haweki mali yake yote gunia moja. Saa kumi alitoa vidonge vitatu alivyovificha ndani ya soksi, akavisaga kwa kijiko, akavichanganya na maji ya sukari, akamnywesha mwanawe kidogo kidogo huku ameugeuzia mlango mgongo. Hakubakiza hata tone. Kisha akamkanda mwili mzima kwa kitambaa cha baridi, kuanzia paji la uso hadi nyayo, huku akimwimbia chini chini.

Saa kumi na mbili jioni daktari alikuwa amesimama tayari amevaa glavu. Mwanasheria alikuwa amekuja kwa miguu yake, kalamu mfukoni. Kipimajoto kililia.

Thelathini na nane na nukta moja.

 Kipimo alipima kwapa la pili. Thelathini na nane kamili. Alimwangalia mama, akaona kitambaa chenye maji, akaona kijiko, akajua. Mama alimtabasamia kwa woga, kama mtu anayesubiri kupongezwa.

"Sista," daktari alisema.  Sauti yake peke yake ilikuwa imepiga magoti.

Mwanasheria alikuwa upande wa pili wa kitanda, hawezi kuiona namba. Ingetosha Kipimo aseme "thelathini na nane na sita" na aandike. Nani angejua? Daktari angefurahi, Msusi angekuwa mezani dakika kumi baadaye. Kipimo alijua hivyo kama anavyolijua jina lake. Alijua pia miaka tisa ya yule mkunga, na watoto wake ambao sasa wanalelewa na shangazi. Akafungua kalamu.

"Thelathini na nane na nukta moja," alisema kwa sauti ya kusikika, akaandika.

"Basi tunaanza kuhesabu upya," mwanasheria alisema. Alirudisha kalamu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliwatakia jioni njema.

Saa nne za usiku homa ilikuwa thelathini na tisa na nusu, lakini hiyo ilikuwa ya kwanza. Saa nane za usiku ilikuwa arobaini, hiyo ikawa ya pili, na sahihi zote zikapatikana. Moyo wa mtoto ulikuwa umeshasimama wenyewe. Hakuna aliyejua lini. Msusi aliingizwa chumba cha upasuaji bila presha ya kusomeka. Damu iliyomtoka haikuganda tena. Saa moja asubuhi daktari alitoka, akavua miwani, akakaa sakafuni kwenye korido.

Alhamisi mchana waliitwa ofisini. Mwanasheria alikuwa ameandaa taarifa ya ukurasa mmoja, imechapwa vizuri. Ilisema jedwali lilifuatwa kikamilifu. Ilisema kuchelewa kulitokana na ndugu wa marehemu kumpa dawa kwa siri, kinyume na amri ya wodi aliyopewa kwa mdomo, na muuguzi mkuu ni shahidi.

Muuza mkaa alisomewa. Alisikiliza kichwa kimeinama. Hakumtazama mwanasheria hata kidogo. Alimgeukia Kipimo.

"Sista, wewe ulikuwepo. Mimi sijui mambo ya makaratasi. Niambie wewe. Ni mimi niliyemuua mwanangu?"

Ofisi ilikuwa na feni iliyokuwa ikilia. Kipimo alikuwa na jibu refu. Lilianza na watu walioandika sheria bila kuuliza mwanamke yeyote, likapita kwenye siku mbili alizojifungia nyumbani, likafika kwenye sentensi moja ambayo hakuisema saa nne asubuhi, na kwenye namba ambayo angeweza kuisema jioni. Jibu lile lingemfunga. Lingeweza pia kumwokoa mwanamke huyu asijichukie mpaka kaburini. Mwanasheria aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akangoja.

"Dawa zilishusha homa," Kipimo alisema. "Homa iliposhuka, hatukuweza kufanya kitu."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ndiyo, mama."

Muuza mkaa aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. Kisha akauchukua mkono wa Kipimo kwa mikono yake miwili, akaubusu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Wengine wangenificha."

Alionyeshwa mahali pa kusaini. Alijua kuandika, lakini mkono ulitetemeka hata kalamu ikachana karatasi, mwanasheria akaleta nakala nyingine na kidau cha wino. Ikabidi atie dole gumba.  Kipimo alimshika kidole, akakikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akainama kuangalia kama alama imetoka sawasawa.