Midomo ya Bwana Chenge

Paskazia wa Mkolani alikuwa amechora ng'ombe wa mabucha na vichwa vya saluni kwa miaka kumi na tisa, na ndugu zake bado walikuwa wanamuuliza ataanza kazi lini. Sasa, alhamdulillahi kwa Waislamu na tumsifu Yesu Kristo kwa wengine, alikuwa amepata kazi yenye jina: vibao vya kuelekeza abiria kwenye stendi ya mabasi. Sita tu, vya majaribio. Ijumaa angekuja mkaguzi. Vikifaulu, angepewa stendi nzima pamoja na gati la kivuko cha Kamanga. Vikishindwa, kazi ingekwenda kwa kampuni moja ya Dar inayochapa vibao vya plastiki kwa mashine, na yeye arudi kwa ng'ombe wake. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Kwanza alichora mikono. Mikono mizuri kweli, vidole vimenyooka, choo huku, tiketi kule. Jumatatu akakaa juu ya kopo la rangi aone matunda ya jasho lake. Jamani, watu wetu unawajua. Mtu anafika mbele ya kibao, anakisoma chote, anaguna, kisha anamwendea mpagazi kumuuliza choo kiko wapi. Mzee mmoja alisimama mbele ya kibao cha tiketi mpaka akamwita mlinzi. Akalalamika kwamba ametoka Magu salama, hajagombana na mtu njia nzima, sasa amekosa nini hata anyooshewe kidole kabla hajaketi.

Paskazia alitaka kumwambia kwamba kile ni kibao tu. Akayameza maneno, maana hata kwao, mtoto aliyemnyooshea mkubwa kidole alikuwa analala na machozi. Akageuka kumtazama mpagazi, Nestory, ambaye siku nzima mikono yake ilikuwa imejaa mabegi ya watu. Akiulizwa njia, Nestory alikuwa anainua kidevu na kuchongoa midomo upande unaotakiwa, basi. Hakuna aliyenuna, na hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Akafuta mikono yote sita. Palepale akaamua kuchora nyuso za watu wanaoelekeza kwa mdomo, ila alihitaji uso wa kuiga, na Nestory hakutulia hata dakika. Mtu pekee aliyetulia pale stendi alikuwa mkuu wa stendi, Bwana Chenge, ambaye kila akishakula ugali na sato alisinzia kitini karibu na dirisha. Na Mungu alikuwa amemjalia midomo ya kutosha. Hadi Jumatano jioni palikuwa na akina Chenge sita ukutani, kidevu juu, midomo mbele, kila mmoja na njia yake.

Chenge mwenyewe alipoviona, moshi ulitaka kumtoka masikioni. Alisema yeye ni mtu mwenye wajukuu, hawezi kushinda ukutani akiwaonyesha watu choo, na vibao vifutwe mara moja. Tatizo lilikuwa kwamba abiria walikuwa wameshaanza kuvifuata, wengine wakivipungia mkono, na Nestory alikuwa ananung'unika kwamba siku hizi haulizwi kitu. Mwishowe Chenge akasema mkaguzi ndiye ataamua, na abiria akipotea hata hatua mbili, yeye mwenyewe atawapigia simu wale wa Dar.

Ijumaa asubuhi akaja mkaguzi, Bwana Muharami, mtu mkavu mwenye kalamu mbili mfukoni. Kati ya abiria walioshuka basi la kwanza akamchagua Bibi Getruda, aliyekuwa anaunganisha safari kwenda Kahama. Akamwomba akate tiketi, apitie chooni, kisha alifikie basi lake kwa vibao tu, bila kuuliza mtu. Wengine wote waliambiwa wasimsemeshe, wala wasiseme lolote akiwa karibu.

Bibi akafika kwenye kibao cha kwanza. "Mwangaluka," akakisalimia, akasubiri kidogo kwa adabu, akaitazama midomo, akakata kona. Tiketi akapata. Choo akapata. Kila kibao kilipata salamu yake, na Paskazia alifuata nyuma huku akihesabu vilivyobaki. Kikabaki kibao kimoja, cha sita, kwenye njia panda ya mabasi ya Kahama.

Chini ya kibao hicho alikuwa amesimama Chenge. Mkokoteni wa magunia ya dagaa ulikuwa umeziba njia, na kwa kuwa alikatazwa kusema, alimchongolea Nestory midomo auondoe, aurudishe kwenye lori kushoto. Bibi Getruda akafika wakati huohuo. Juu aliona uso ukielekeza kulia. Chini aliona uso uleule ukielekeza kushoto, nao ulikuwa unatoka jasho. Akautazama wa juu, akautazama wa chini, akapiga goti kidogo mbele ya ule wa chini na kwenda kushoto.

Walipomfikia alikuwa ameketi mbele kwenye lori la dagaa, begi mapajani, akimhimiza dereva kwamba wamechelewa.

Chenge alifurahi waziwazi. Alitoa simu mfukoni akaanza kuitafuta namba ya Dar. Paskazia akakaa juu ya gunia la dagaa na kulia mbele za watu, wala hakujali.

Muharami akasogea kwenye mlango wa lori. "Bibi, nani amekuelekeza huku?"

Bibi Getruda hakuinua kidole, alilelewa vizuri. Alimchongolea midomo Chenge. "Huyo. Wa ukutani alinionyesha kule, lakini huyu ana pumzi, mwanangu. Ningempitaje?"

Muharami akaandika kwa muda mrefu, kisha akafunika kalamu.

"Vibao sita viko sawa," alisema. "Kilichompoteza bibi ni cha saba, na hicho hakukichora mama huyu. Stendi ni yake, na gati la Kamanga pia."

Paskazia akanyanyuka na dagaa wamemganda kwenye sketi, akicheka na kulia pamoja. Chenge akataka kubisha. Hasira ikamvimbisha midomo, ikachongoka kuelekea geti la kutokea, na abiria watatu waliokuwa wamesimama hapo wakabeba mizigo yao, wakamshukuru, wakatoka nje.