Ulimi wa Mama Kapinga

Mama Kapinga alitafuna, akatema, akatafuna tena. Mzizi haukuwa na uchungu hata kidogo.

Miaka yote anauza dawa ya tansio, yaani presha ya damu, pale soko la mtaa wa Kenya, na kipimo chake ni ulimi. Mzizi mkali, kipande kimoja; mzizi mpole, viwili. Ukizidi, presha inashuka mpaka mtu hasimami. Asubuhi hii aliuona mzizi ni maji matupu, basi akachemsha vipande vinne kwa ajili ya jirani yake Edith, mjane anayekaa peke yake, akampelekea kikombe kingali na moshi. Lakini mti ni ule ule, udongo ule ule. Nani amemchezea?

Binti yake Plamedie, anayesoma kemia chuo kikuu, alimkuta amekunja uso.

"Mama, juu ya nini uko vile?"

"Muzizi ilikufa, mwana wangu. Haina buchungu."

"Ah! Mu muzizi muko enzyme. Njo inaunganisha bintu bibili, kisha buchungu inazaliwa. Pengine ilichoka."

"Enzyme ni nini?"

"Ni kama mutumishi, mudogo sana, haonekane."

Mama Kapinga akaugeuza mzizi huku na huku. Mtumishi gani huyo anayegoma bila kuaga, na nani kamuudhi? Alizidi kuchanganyikiwa.

"Leta nionje," alisema Plamedie, akang'ata. Papo hapo machozi yakamtoka, akakimbilia ndoo ya maji. "Mama! Iko bukali! Inanichoma mpaka mu masikio!"

"Unanidanganya."

Akang'ata mwenyewe. Maji matupu. Hapo akaikumbuka sombe ya jana, mboga ya majani ya muhogo aliyoilalamikia kwamba haina chumvi, na Plamedie akaapa ameitia. Akaikumbuka na homa iliyomlaza juma lililopita. Hakujua amsadiki nani, mtoto wake au kinywa chake.

Kisha akavikumbuka vile vipande vinne. Akatoka mbio bila viatu.

Mlango wa Edith ulikuwa umerudishwa tu.

"Mama Edith! Uko?"

Akausukuma, akaingia. Mezani palikuwa na kikombe, kitupu, machicha yamelala chini. Kwa mazoea tu, Mama Kapinga alipitisha kidole ndani, akakiramba. Hakuonja kitu.

Nyuma ya pazia, kitanda kililia mara moja, kama cha mtu aliyejaribu kuinuka akashindwa.