Solo ya Bubu

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikaa katika chumba cha nyuma cha kliniki, chenye dirisha moja linalotazama ukuta, akichonga na kusugua meno ya watu ambao wengi wao hakuwahi kuwaona. Daktari alimletea nakala ya ufizi iliyomiminwa kwa plasta, naye akairudisha na meno kamili. Baada ya hapo watu walikwenda kuchekea kwingine.

Alikuwa na miaka sitini na miwili. Mkewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na watoto hawakujaliwa. Jioni alipofungua mlango wa nyumba yake alibisha hodi kwanza, kwa mazoea, kisha akajiona mjinga.

Zamani watu walimwita Bubu. Jina hilo alilipata kwenye bendi, kwa sababu wenzake wangeweza kubishana kutwa nzima na yeye asitoe neno. Ilikuwa bendi ya roki, vijana wanne wenye nywele nyingi na akili kidogo, kama mkewe alivyopenda kusema. Kiongozi, aliyeimba na kupiga gitaa la solo, aliitwa Radi. Mpiga ngoma aliitwa Kinu, maana ngoma alizitwanga. Yule wa besi alihama nchi mapema na habari zake zikakatika. Bubu alipiga gitaa la nyuma, lile linalobeba wimbo bila mtu kulijali. Lilikuwa kama chumvi: hulikumbuki mpaka likosekane.

Mwaka huo wa tatu wa ujane wake, redio moja ilikuwa na kipindi cha roki kila Jumamosi alasiri, na mtangazaji aliwaomba wasikilizaji wachague solo za gitaa wanazozipenda kuliko zote. Bubu alikifuata kipindi hicho kama wengine wanavyofuata mpira. Alikuwa na daftari, na ndani yake orodha yake mwenyewe. Solo ndefu hakuzitaka. "Anayejua kuaga hasimami mlangoni nusu saa," alimwambia mkewe siku moja, enzi za uhai wake.

"Kamwambie dada yako hayo," mkewe akajibu.

Jumamosi moja alikuwa anafua mashati kwenye beseni, redio ikiwa juu ya kabati, mtangazaji alipofika nafasi ya nne. Alitaja bendi yao. Bubu alidhani amesikia vibaya.

"Ndugu zangu," mtangazaji akasema, "hapa ni marehemu Radi mwenyewe, yeye na nyuzi sita tu. Sekunde arobaini na moja. Mimi nikiisikia, mwili wote unasisimka."

Kisha ikapigwa. Bubu alisimama, mikono inachuruzika povu, akaisikiliza mpaka mwisho.

Solo ile aliipiga yeye.

Siku ya kurekodi, Radi alikuja studio na mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Mlango wa gari ulikuwa umembana vidole. Studio walikuwa nayo mpaka saa sita mchana tu. "Bubu, piga wewe," Radi alisema. "Piga chochote, nitakuja kurudia." Bubu akapiga mara moja. Alipomaliza, hata fundi mitambo aliyekuwa akikohoa tangu asubuhi alikuwa ameacha kukohoa. Haikurudiwa kamwe. Sahani ya santuri ilipotoka, kwenye karatasi yake iliandikwa: gitaa la solo, Radi.

"Bendi ni mwili mmoja," Radi alimwambia. "Umeona wapi mkono ukakidai kichwa?" Wote wakacheka, na Bubu naye akacheka. Miaka miwili baadaye bendi ilivunjika. Radi aliugua, akafa. Bubu akajifunza kazi ya meno. Siri ile alimwambia mtu mmoja tu, mkewe, naye alisikiliza solo ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Inafanana na wewe. Ina adabu, halafu ghafla inakasirika."

Sasa alitaka kumwambia mtu. Aligeuka. Nyuma yake kulikuwa na kiti, na juu ya kiti mashati mawili yanayosubiri zamu.

Alimpigia dada yake. "Dada, redioni wamepiga solo yangu."

"Solo gani tena? Umekula?"

"Nimekula."

"Maana ukikaa peke yako sana unaanza mambo. Si uje huku, watoto wanakuuliza."

Akapiga simu redioni. Kijana aliyepokea alikuwa mpole. "Asante kwa kupiga, mzee wangu. Ila nikuambie ukweli, kila wiki tunapata mtu anayesema solo fulani ni yake. Kuna mwingine aliyekuwepo?"

Alikuwepo Kinu.

Kesho yake asubuhi Bubu alikwenda kwa Kinu. Walikuwa hawajaonana tangu mazishi ya mke wa Bubu. Binti wa Kinu alimfungulia mlango na kumpokea kwa mikono miwili. "Baba mdogo! Umeadimika hivyo! Karibu, karibu, baba yupo, magoti tu ndiyo yamemfunga."

Kinu alikuwa amenenepa na kuwa mweupe kichwani, lakini akili yake ilikuwa sawa kabisa. Alikumbuka rangi ya zulia la studio. Alikumbuka kikohozi cha fundi mitambo, akakiigiza, wakacheka mpaka binti akaja kuchungulia.

"Na ile solo," Bubu akasema taratibu, "unakumbuka nani aliipiga?"

"Swali gani hilo? Radi! Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake." Kinu alijisogeza mbele kwenye kiti. "Alifumba macho. Na bandeji mkononi, unakumbuka bandeji? Vidole vimevimba namna hii, na bado akapiga vile! Ndiyo maana nawaambia watoto, yule hakuwa mtu wa kawaida."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Kinu alifikiri. Alifikiri kwa dhati, mtu asiye na nia ya kudanganya. "Wewe? Wewe si ulikwenda kutuletea chai?"

Bubu alifungua kinywa. Alikuwa na maneno yote tayari. Alikuwa ameyapanga njia nzima. Lakini macho ya Kinu yalikuwa yamelowa, na hayakumtazama yeye. Yalimtazama Radi, pale kwenye zulia, akiwa hai na amefumba macho.

"Labda," Bubu akasema.

"Ulikwenda," Kinu akathibitisha. "Ulichelewa kurudi. Ikapoa."

Wiki hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote tangu msiba. Mwanzoni alikasirika, na hasira angalau ni mwenzio. Lakini kuanzia Jumanne hasira ilianza kumtoka na shaka ikaingia. Alipokumbuka studio, alijiona mlangoni amebeba chupa ya chai. Aliiona hata rangi yake, nyekundu. Je, kama Kinu ndiye aliyekumbuka sawa? Mtu anaweza kuusikia wimbo mara nyingi mpaka akauvaa kama shati la mwenzake. Mkewe angemaliza jambo hili kwa neno moja. Lakini hata mkewe alijua tu yale aliyomwambia yeye.

Alhamisi aliweka jino la upande wa kulia kushoto. Daktari aliishika kazi ile mkononi, akamtazama. "Baba, leo vipi?"

"Macho tu, daktari."

Jumamosi hakufungua redio. Alivaa shati safi, akaenda mjini kwenye duka la vyombo vya muziki. Gitaa lake mwenyewe alimpa mpwa wake zamani, naye akaliacha kwenye mvua. Tangu hapo, miaka kumi na tisa, hakushika jingine. Dukani palikuwa na mwanamke mmoja, miwani juu ya kichwa, anabadilisha nyuzi.

"Naweza kujaribu?"

"Jaribu, mzee wangu. Limetengenezwa lipigwe, si litazamwe." Alimchagulia moja, akalichomeka kwenye spika, akarudi kwenye nyuzi zake.

Vidole vilikuwa vizito, kama vya mtu mwingine. Alianza, akakwama. Alianza tena, akakwama palepale. Mara ya tatu aliacha kufikiri, akatazama nje kupitia kioo cha duka, ambako mtu alikuwa anafuta pikipiki yake, na mkono ukaenda wenyewe. Ulianzia chini, sauti tatu kama mtu anayesafisha koo. Ukapanda. Katikati, kidole cha tatu kikateleza mahali ambapo hakikutumwa, na papo hapo kikausukuma ule uzi juu, ukalia mpaka kosa likawa ndilo tamu lenyewe.

Siku ile ya studio kiliteleza hivyohivyo. Alitaka sauti nyingine, akapata ile, akaiokoa kabla mtu hajajua. Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe, kwa aibu tu. Wala hakuna aliyeweza kulijua kwa kusikiliza. Ni mkono uliokosea tu uliolijua, na mkono huo alikuwa nao hapa.

Chai ya Kinu ikamwagika yote.

"Nzuri," mwenye duka akasema. "Ya nani?"

Bubu aligeuka kuona kama anaambiwa yeye. "Yangu."

"Umetunga mwenyewe?"

"Niliipiga mara moja. Zamani."

Mwenye duka aliamini hapohapo, hakuwa na sababu ya kutoamini, wala bendi yao hakuijua. Aliteremsha miwani machoni. "Nzuri kweli. Ila pale katikati unaharakisha. Kama mtu anayeogopa kukatizwa."

Bubu alicheka, cheko lililomtoka kifuani bila ruhusa. "Studio ilikuwa yetu mpaka saa sita tu."

"Basi hapa hakuna anayekufukuza. Rudia."

Akarudia, polepole. Alikuwa amefika pale pa kuteleza mteja alipoingia kuulizia kipaza sauti, na mwenye duka akaenda kumhudumia. Bubu alipiga mpaka mwisho akiwa peke yake, kisha akalirudisha gitaa ukutani na kushukuru. Hakusikika; walikuwa wanajaribu kipaza sauti.

Redioni hakupiga simu tena. Orodha ilimalizika na mpiga gitaa wa nchi za mbali akashika nafasi ya kwanza, na solo ya nne ikabaki kwa jina la Radi mpaka leo. Kwa Kinu alirudi mwisho wa mwezi na mkate na magazeti, wakazungumza habari za magoti.

Jumatatu iliyofuata ile siku ya dukani, ncha za vidole vyake vya kushoto zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu. Daktari aliziona alipoleta plasta ya kinywa kingine.

"Umejiunguza na nta ya kuundia meno, baba?"

"Hapana. Nilikuwa napiga gitaa."

Daktari akacheka, akidhani ni utani, akaiweka plasta mezani na kutoka. Bubu alifanya kazi siku nzima, na kila aliposhika kitu, vidole viliuma kidogo. Ilipofika Alhamisi maumivu yalikuwa yamekwisha. Aliviminya kimoja kimoja, akiyatafuta.