Taa Tisa za Mkunga

Taa ya tisa ya onyo iliwaka kwenye dashibodi gari likiwa limesimama, na Sindano akacheka peke yake kama aliyetekenywa.

Wenzake hawakuona cha kuchekesha. Gari la mkunga lilikuwa limerudi gerejini mara ya tatu. Mashine ya kusoma hitilafu ilipotaja breki, walibadilisha kihisi cha gurudumu. Ilipotaja umeme mdogo, walibadilisha betri. Jana lilizimika njiani, na mkunga akamalizia safari kwa miguu, mkoba kichwani, huku mama mwenye uchungu akimsubiri.

Fundi umeme alikuwa ameondoka mwezi uliopita kwenda kufungua gereji yake. Sindano yeye alikuwa mshonaji wa viti. Lakini miaka sita ya kung'oa viti ilimwonyesha nyaya zinazopita chini yake, akazifuata mmoja mmoja, akiuliza huku na kule, akichora kwenye vipande vya kadibodi, mpaka zikawa kama njia za mtaani kwao. Asubuhi hiyo alimwomba Mkubwa, mwenye gereji, ampe gari lile. Mkubwa akamjibu kwamba ana fundi mwingine anayeitaka meza ya umeme, na atampigia saa sita kumthibitishia. Sindano akiupata ugonjwa wa gari kabla ya hapo, meza ni yake. Asipoupata, arudi kwenye viti, na ombi hilo lisisikike tena.

"Sindano inashona, haifui chuma," alisema fundi injini, na gereji nzima ikaangua kicheko.

Hiyo ilikuwa saa nne na nusu. Sasa saa tano ilikuwa imepita, na Sindano alikuwa na kadibodi mapajani yenye misimbo tisa ya hitilafu aliyoisoma kwenye mashine. Breki, usukani, mifuko ya hewa, injini; viungo visivyojuana hata kwa salamu. Ila sita kati yake iliishia kwa maneno yaleyale: umeme hautoshi.

"Mama, nyumba nzima ikiumwa tumbo siku moja," alimuuliza mkunga aliyekaa juu ya tairi kuukuu, "utampima mtoto mmoja mmoja?"

"Nitaenda jikoni kufunua sufuria," mkunga akasema.

"Basi nami naenda jikoni."

Akapima betri: imejaa. Akaomba gari liwashwe, akapima tena: inachajiwa vizuri. Umeme ulikuwa unatoka bila shida. Je, ulikuwa unarudi? Maana umeme ukishafanya kazi yake hurudi betrini kupitia bodi yenyewe ya gari, na njia ya kurudi ndiyo watu husahau kuiangalia. Akagusa ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha bodi, akamwomba mkunga awashe taa kubwa na feni. Mita ilipaswa kukaa karibu na sifuri. Ikapanda. Volti moja. Moja na nusu. Mbili na ushei.

Aliufuata waya mnene mweusi kutoka kwenye betri, kwa mkono, kama anayetafuta pindo gizani, mpaka ulipofungwa kwa bolti nyuma ya madigadi. Gari likazimwa, akafungua bolti kwa spana. Chini ya kichwa cha waya hapakuwa na kutu wala uchafu. Palikuwa na rangi, laini, inayong'aa, isiyo na doa.

Akajua mara moja ni mkono wa nani.

Wiki tatu nyuma gari hilo liligongwa, na likanyooshwa hapohapo gerejini. Rangi ilipakwa na Kioo, mpaka rangi wa gereji na mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyemwombea kazi ya viti. Kioo aliapa kila siku kwamba chuma uchi ni aibu ya fundi. Kona ambayo wengine wangeiruka, yeye aliingiza brashi.

Mkubwa alikuwa anavuka uwanja, simu mkononi. Sindano angeweza kukwangua haraka, akafunga, akasema waya ulilegea. Gari lingepona. Lakini gari litakalofuata nalo lingepita mikononi mwa Kioo. Akaweka spana chini, akaenda kumwita kwa sauti ya chini, ili mwingine asisikie.

"Shemeji, njoo uone kitu."

Kioo aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Kazi yangu hii."

"Na ni kazi nzuri. Ila umeme haupiti kwenye rangi."

Kioo alitoa kipande cha msasa mfukoni, akapiga goti, akaanza kukwangua mwenyewe, mtu ambaye maisha yake yote alifunika chuma kwa rangi, mpaka chuma cheupe kikatokea, ukubwa wa kifungo cha koti. Mkubwa alipofika akiuliza kuna nini, Kioo hakuinua kichwa.

"Nilifunga njia ya umeme, Mkubwa. Sindano ndiye kaifungua."

Bolti ikakazwa. Misimbo ikafutwa kwa mashine. Mkunga akazungusha swichi, taa zote tisa zikawaka pamoja, kisha zikazimika moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikachelewa kidogo, Sindano akiwa ameshikilia mlango. Ikazimika. Walilisumbua gari kwa taa kubwa, feni, honi, usukani kulia na kushoto. Mita ikakaa chini, imetulia. Mkunga alimshika Sindano mkono, akaupima kwa macho, akasema mikono ya namna hiyo angeitaka kazini kwake, kisha akaondoka akipiga honi mpaka kona ya pili.

Fundi injini aliuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama kadibodi ile inaweza kuazimwa.

Saa sita ilipofika, Mkubwa alitoka nje na simu kumpigia yule fundi mwingine. Sauti yake ilipita kwenye mabati, ikapanda, ikashuka, ikanyamaza kusikiliza, na Sindano hakuweza kujua kama anamthibitishia mtu yule kazi au anamwomba radhi. Alisimama kati ya kiti alichokuwa ameshona nusu na meza ya umeme yenye vumbi la mwezi mzima.

Kioo akamjia akiwa na utepe wa karatasi wa kuzuia rangi. Nyuma yake gari jingine lilisubiri rangi, boneti imetolewa, chuma chote kiko nje.

"Nionyeshe pa kuacha," akasema.

Sindano akainama juu ya injini. "Hapa," akasema, na Kioo akabandika. "Na hapa. Na huku nyuma, kuna mbili."

Nje, Mkubwa alikuwa bado anazungumza.