Sori ya Meneja

Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walimwita meneja wao Bwana Sori, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa mgeni aliyetoka mbali, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, na neno sori halikumkauka mdomoni. Akigongana na mtu mlangoni, sori. Asiposikia ulichosema, sori, huku anasogeza sikio. Ukienda kuomba ruhusa ya kumuuguza mzazi wako, sori, maana yake rudi kazini. Wapakiaji walitania kwamba siku akifika mbinguni atamkanyaga malaika mguu kwanza, apate la kusema.

Aliyelibeba neno hilo kutoka lugha moja kwenda nyingine alikuwa Mkalimani, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimtazama meneja usoni, kisha akachagua: samahani, pole, haiwezekani, unasemaje. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini amechagua hili akaacha lile.

Kisha fundi wa mashine akafa. Alikuwa kijana mcheshi, kitinda mimba wa mama yake. Aliingia ndani ya pipa kubwa la kuchanganyia ili akwangue sabuni iliyoganda, na mwenzake wa upande wa pili, asijue kuna mtu ndani, akawasha. Kifuniko kikiwa wazi mashine ile haikupaswa kuwaka hata kidogo, lakini swichi ya kuizuia ilikuwa mbovu siku nyingi.

Baada ya mazishi, mama wa marehemu alikuja kiwandani na mwanawe mkubwa. Kabla hawajaingia ofisini, wakili wa kiwanda alimvuta Mkalimani kando, kwenye ngazi.

"Dada, meneja atasema sori. Wewe sema poleni. Samahani isikutoke mdomoni. Pole ni ya msiba, samahani ni ya kosa, na kosa lina kesi yake."

"Nimekuelewa," Mkalimani akajibu. Kuelewa si kukubali, lakini hilo alilimeza.

Ofisi ilinuka sabuni kama kiwanda kizima. Mama wa marehemu alikaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, kanga imemkaza kichwani. Mwanawe mkubwa alikataa kiti, akasimama nyuma yake. Meneja alijaribu kuanza mara kadhaa, akaishia njiani. Mwisho akasema lile lile alilokuwa akilisema kila siku, ila safari hii taratibu na macho yakiwa chini.

"Anasema poleni sana," Mkalimani akatafsiri.

Yule mama alimgeukia Mkalimani.

"Neno alilosema nimelisikia, mwanangu. Wajukuu zangu wanalo. Wakinivunjia kikombe wanasema sori. Nikilala na homa wanakuja mlangoni, wanasema sori. Sasa niambie, huyu amevunja kikombe, au amekuja kumjulia hali mgonjwa?"

"Ni pole, mama," wakili akadakia. "Ni pole ya msiba."

"Sikukuuliza wewe, baba."

Mkalimani angeweza kusema pole na kazi ikaisha. Lakini yeye ndiye aliyekuwa kwenye ofisi hiyo hiyo siku fundi alipokuja kulalamikia swichi. Meneja alimjibu fundi kwa sori, wakati huo ikiwa na maana ya subiri, mzigo wa wateja utoke kwanza. Neno hilo lilipita kinywani mwa Mkalimani, naye akalilainisha lisimchome kijana wa watu. Fundi akashukuru, akaondoka.

Basi akamgeukia meneja, akamweleza kwa lugha yake kwamba huku neno lake linagawanyika mara mbili. Moja humwendea aliyefikwa na jambo, jingine hutoka kwa aliyelitenda. Mama anataka kujua ni lipi.

Wakili alimwekea meneja mkono begani, akamnong'oneza. Meneja alivua miwani, akaikunja, akaikunjua. Kaka wa marehemu akaanza kuhema kwa hasira. Ndipo akasema, sentensi fupi fupi, na Mkalimani akazifuata moja baada ya nyingine bila kuzipaka asali.

"Anasema fundi alimwambia swichi imekufa. Anasema alikuwa na uwezo wa kusimamisha mashine, hakuisimamisha. Anasema kosa ni lake. Samahani, mama. Hilo ndilo neno analolisema."

Kaka wa marehemu alipiga ukuta kwa kiganja, akatoka nje. Mama yake alibaki pale pale. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta.

"Mwambie pole yake nimeipokea," akasema baadaye. "Samahani siwezi. Sijui kama nitaweza. Asinihimize."

Mkalimani akatafsiri. Meneja akaitikia kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza hakusema sori.

Wakaguzi wa usalama kazini walipokuja, meneja aliyarudia maneno yale yale mbele yao, wakili akiwa amekunja uso. Pipa lilifungwa. Meneja akaondolewa, akarudi kwao kusubiri kesi. Mkalimani naye aliambiwa kiwanda hakimhitaji tena, akapata kazi hospitalini, akiwasemea wagonjwa na madaktari. Wenzake wa zamani walimwona mjinga aliyekata tawi alilokalia. Yeye mwenyewe, siku nyingine, aliona hivyo hivyo.

Mvua zilikuwa zimekwisha pale mama wa marehemu alipofika nyumbani kwa Mkalimani asubuhi moja. Mkalimani alimkaribisha ndani, akidhani ameleta jibu la kupelekewa meneja.

"Hapana, hilo bado," mama akasema. "Nimekuja kwa jingine. Wewe ulikuwepo siku mwanangu alipokwenda kuomba ile swichi. Alisemaje? Sitaki kwa ufupi. Nataka alivyosema."

Mkalimani alikaa karibu naye. Alifumba macho kidogo, kama alivyofanya akitafuta neno, kisha akaigiza hata sauti ya kijana.

"Alisema, 'Dada, mwambie mzee huyu mashine haina adabu. Unaifungua mdomo uisafishe meno, yenyewe inataka kutafuna. Hata mtoto ukimwambia sema aaa, anatulia.'"

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika, mpaka Mkalimani hakujua tena kama bado ni kicheko.

"Ndiye," akasema. "Ndiye yeye kabisa. Hebu rudia."